Usukani Mikononi mwa Michèle Mouton

Kila itajwapo habari ya mashindano ya magari, aghalabu fikra zetu huwaendea wanaume. Walakini Michèle Mouton, aliyezaliwa mwaka 1951 katika Grasse, mji wa Ufaransa mashuhuri kwa manukato, aliitangua dhana hiyo kwa vitendo, pasipo kuomba hisani ya mtu yeyote. Mwaka 1981, akiendesha Audi Quattro, na kando yake Mwitalia Fabrizia Pons akimsomea njia, alishinda rali ya Sanremo, akawa mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia.

Mwaka uliofuata alishinda Ureno, Ugiriki na Brazili, na taji likakaribia, hata siku ya kuanza rali ya Kodivaa ikamfikia taazia ya baba yake, ambaye alikuwa ametaka binti yake asiache kushindana. Naye, kwa subira ninayoistahi kuliko vikombe vyake vyote, akashika usukani, akaongoza, kisha gari likaharibika, likapinduka, na ubingwa ukamwendea Mjerumani Walter Röhrl. Wako waliodai kwamba gari ndilo lililomshindia. Lakini gari hilo hilo waliliendesha na wanaume, na katika timu ya Audi mwaka ule hakuna aliyempita kwa alama.

Nasi wa Afrika Mashariki tulimwona kwa macho yetu: katika Safari Rally ya Pasaka ya mwaka 1983, huko Kenya, alimaliza wa tatu.