Nani kinara wa gitaa la umeme? Tusipige kura kwa ushabiki!

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea katika mdahalo wa wapenzi wa muziki wa dansi, Dar es Salaam. Mada: "Ni nani mpiga gitaa la umeme aliyegundua mambo mapya kuliko wote?")



Walionitangulia wamesema kwa jazba. Mmoja kampigia debe Franco, wa pili kampigia debe Dokta Nico, na wa tatu, bwana mdogo yule mwenye fulana nyeusi, kasema hao wote ni cha mtoto mbele ya Eddie Van Halen. Makofi yamepigwa, meza zimegongwa. Nilipoomba nafasi, jirani yangu kaninong'oneza, "Wewe uko kambi ipi?" Utadhani ukumbi huu una matawi na kadi!

Mimi sina kambi. Mada haiulizi nani fundi zaidi, wala nani katuchezesha zaidi. Inauliza nani kagundua. Fundi anaweza kuwa hodari kuliko wote mtaani na asiwe amegundua hata msumari. Tena mada inasema gitaa la umeme, si gitaa tu. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: tukizima umeme, je, alichogundua bado kipo? Kikiwapo chote, huyo tumpe heshima yake, lakini katika mdahalo mwingine.

Nianze na mtu ambaye hajatajwa hata mara moja jioni hii: Charlie Christian. Gitaa la umeme lilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini lilikuwa kama mgeni asiyejua akae wapi. Katika bendi kubwa za jazi mpiga gitaa alikaa nyuma, akikwangua nyuzi kushikilia mapigo, na tarumbeta zikiamka, kwisha habari yake. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ikatoa gitaa la ES-150, lenye sumaku chini ya nyuzi inayonasa mtetemo wa waya na kuupeleka kwenye amplifaya. Mwaka 1939 Christian, kijana mweusi kutoka Oklahoma City, akachukuliwa na Benny Goodman. Akaanza kupiga kama mtu anayepuliza saksafoni, noti moja moja, sentensi ndefu, na ukumbi mzima unamsikia. Hakuwa wa kwanza kuchomeka waya. Eddie Durham alimtangulia. Lakini Christian ndiye aliyeonyesha waya ule ni wa kazi gani. Kifua kikuu kilimwua Machi 1942, akiwa na miaka 25. Zima umeme, na mtu huyu anarudi nyuma ya tarumbeta, hasikiki.

Na kabla hamjasema gitaa ni kazi ya wanaume, kamtafuteni Sister Rosetta Tharpe, mama wa nyimbo za dini aliyekuwa akilikung'uta gitaa la umeme kanisani na kwenye madansi miaka ya 1940, wakati hao mnaowaita wafalme wa rock bado wanavaa kaptula za shule.

Van Halen sasa. Mwaka 1978 alitoa "Eruption", akigonga nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa vidole vya mikono yote miwili, na gitaa lenyewe kaliunga kwa vipande vyake mwenyewe. Namheshimu. Ila kugonga nyuzi kwa mikono miwili kulikuwapo kabla yake, na mkono hauhitaji umeme ili kugonga. Nampa nusu, bwana mdogo asinune.

Kura yangu, kama lazima iwe ya mtu mmoja, naitoa kwa Jimi Hendrix. Mnajua kipaza sauti cha mkutano wa hadhara kinapoelekezwa kwenye spika? Kinapiga mluzi, wiiii, mheshimiwa anaruka, wananchi wanaziba masikio, fundi mitambo anatukanwa. Gitaa la umeme nalo lina ugonjwa huo. Wapigaji wote waliukimbia. Wachache walianza kuuchezea, na Beatles waliuweka mwanzoni mwa wimbo mwaka 1964, kama pilipili ya kuonja. Hendrix aliufanya chakula. Alisimama mbele ya amplifaya zilizofunguliwa hadi mwisho, akageuza mwili wake hatua moja huku, hatua moja kule, na mluzi ukapanda na kushuka anavyotaka, kama mbwa aliyefunzwa. Akaongeza vikanyagio vya kubadili sauti, akaongeza ule mkono wa chuma unaolegeza nyuzi zote kwa pamoja. Agosti 1969, kule Woodstock, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani bila kuimba neno hata moja, na ndani yake watu wakasikia mabomu na ving'ora, wakati vijana wao wanakufa Vietnam. Huyo alikuwa amewahi kuwa askari wa miavuli. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1967, naye alifariki London Septemba 1970, ana miaka 27. Zima umeme, na hapo hakuna ufundi uliopungua kidogo. Hakuna kitu kabisa! Ala aliyopiga Hendrix ilikuwa umeme wenyewe, na gitaa lilikuwa mpini tu.

Nasikia minong'ono. Eti kijana huyu kauza Afrika kwa Mmarekani. Subirini.

Franco nampenda. Nani asiyempenda? Lakini tuwe wakweli. Alianzia kwenye gitaa la kujitengenezea, akiwavutia wateja kwenye meza ya maandazi ya mama yake huko Léopoldville, na ule ufundi wa kidole gumba na cha shahada kuvuta nyuzi mbili pamoja unaweza kufanywa hata kwa gitaa kavu. Nico naye, ile sauti yake inayong'aa kama kengele ilihitaji umeme, lakini tukimsimamisha peke yake atashindwa na Hendrix kwa kipimo nilichokitaja. Na hapa ndipo nasema mada yenyewe ina hila. Inataka jina moja. Ugunduzi mkubwa wa Kongo hauna jina moja.

Tazameni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mbelgiji Bill Alexandre aliingiza gitaa la umeme katika studio ya CEFA, Léopoldville. Wakongo wangeweza kuiga jazi ya mzungu, kwisha. Badala yake waligawana kazi. Gitaa moja likashika rithimu, halifanyi madaha, linazunguka pale pale. Jingine likapanda juu kupiga solo. Baadaye katikati yao likapenya la tatu, mi-solo, linalojaza mianya waliyoacha wenzake. Chini, besi. Hakuna hata moja linalosema neno zima. Wimbo unakamilika masikioni mwako wewe msikilizaji. Ikifika sebene, waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika usukani. Kina Zaiko Langa Langa, walioanza mwishoni mwa 1969, wakaona hata ala za kupuliza za nini, wakazitupa. Gitaa ambalo Christian alilitoa nyuma ya tarumbeta, Kinshasa liliifukuza tarumbeta jukwaani! Zima umeme, na jengo lote hilo linaanguka.

Sasa nani kagundua hayo? Gazeti la Rolling Stone la Marekani lilipopanga wapiga gitaa wake 100 mwaka 2003 lilimweka Hendrix juu, nami sina ugomvi. Lakini orodha za namna hiyo haziwezi kupanga kitu kilichogunduliwa na watu wanne wanaosikilizana. Nasi wenyewe tunafanya makosa hayo hayo. Januari 1960 African Jazz ya Kabasele ilikwenda Brussels wakati wa mkutano wa uhuru wa Kongo, ikatoa "Indépendance Cha Cha". Tunamtaja Nico. Pembeni yake alikaa kaka yake, Charles Mwamba, aitwaye Dechaud, anapiga rithimu. Muondoe Dechaud, na Nico anabaki anaelea hewani kama nguo iliyokosa kamba. Nani kati yenu amemtaja Dechaud jioni hii?

Tusiende mbali. Mbaraka Mwinshehe mnamjua, na ajali iliyomuua karibu na Mombasa Januari 1979 mnaisimulia kama ya jana. Solo zake mnaziimba kwa mdomo hadi mnaishiwa pumzi. Haya, aliyempigia rithimu katika wimbo unaoupenda kuliko yote ni nani?

Mwenyekiti, naomba muda wangu uliobaki apewe mzee yeyote humu ndani mwenye jibu. Na mwandishi aliandike jina hilo kwenye kumbukumbu za mkutano kabla hatujapiga kura.