MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

(Mada iliyotolewa na Katibu wa kikundi kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi, Buhigwe)



Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 17, hisa moja shilingi 1,000. Wengine waliitoa kwenye maharage, wengine kwenye tangawizi, na wapo walioitoa kwenye kibarua cha kulima shamba la mtu. Waliotucheka wakati ule leo wamekaa hapa mbele wanakula pilau yetu. Karibuni sana.

Mada niliyopewa ni kutunza hesabu na siri za kikundi katika zama hizi za simu. Nilipoipokea niliogopa, maana mimi si mtaalamu wa kompyuta, nimeishia darasa la saba. Lakini Mwenyekiti akaniambia, "Kosa ulifanya wewe, utafundisha wewe." Basi nafundisha kwa kosa langu.

Wote mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa akina mama watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mama wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Tuliweka kufuli tatu ili tuendelee kuaminiana, maana palipo na ufunguo mmoja, siku fedha ikipungua, mwenye ufunguo ndiye mwizi hata kama hakuiba.

Sasa jamani, fedha tuliifungia kwa kufuli tatu. Hesabu je?

Mwaka 2019 alikuja kijana mmoja, mpole, mwenye nia njema. Akatuambia kuandika kwenye daftari kumepitwa na wakati, yeye atatuwekea hesabu zote kwenye simu yake na kwenye mtandao, bure. Kweli alitusaidia. Siku ya kikao tulikuwa tunamaliza mapema, na orodha ilitoka safi kabisa. Baada ya miezi michache mimi Katibu nikasema, ya nini kuandika mara mbili? Nikaacha kuandika daftari kuu. Hakuna aliyenipinga, lakini aliyeshauri ni mimi.

Mwaka uliofuata kijana akapata kazi mbali. Huko simu yake ikaibiwa. Neno la siri alikuwa nalo yeye tu, na hakulikumbuka. Tulipofika wakati wa kugawana, fedha ilikuwa sandukuni, shilingi kwa shilingi. Lakini ya nani ni ipi? Hatukujua! Kijana hakutuibia hata senti tano. Sisi wenyewe tulimpa ufunguo wa pekee wa kitu chetu.

Kilichotuokoa ni vile vitabu vidogo vya hisa vyenye mihuri, ambavyo kila mama alikuwa nacho nyumbani. Tulikaa vikao vitatu, tukahesabu mhuri mmoja mmoja. Lakini kitabu cha mama mmoja kilikuwa kimelowa mvua, kurasa zimegandana. Yeye alisema ana hisa 64. Sisi tuliweza kuzisoma 41. Tukabishana. Mwishowe tukamlipa zile 41. Alipokea, akakunja kanga yake, akaondoka. Alikuwa mmoja wa wale 17 wa kwanza. Hajarudi mpaka leo, na mimi kila nikipita kwake naona aibu. Huenda alikuwa na hisa 64. Aliyeweza kumtetea ni daftari, na daftari nililiacha mimi.

Ndiyo maana wazee wakasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari la karatasi au la simu. Walisema daftari. Sasa basi, niseme mambo manne tuliyojifunza.

Kwanza, hesabu ni mali ya kikundi. Simu si mbaya, tuitumie. Lakini kila kinachoingia kwenye simu kiandikwe na kwenye daftari kuu siku ile ile, kabla hatujaondoka. Mwisho wa kikao Mweka Hazina asome salio kwa sauti, na wote tulikariri, hata bibi asiyejua kusoma. Kichwa cha bibi hakiishiwi chaji. Na mtu akituletea programu ya hesabu, tumwulize maswali matatu: Nani ana neno la siri? Tukiachana nawe, tutaondokaje na hesabu zetu? Simu ikipotea leo usiku, kesho asubuhi tutafanya nini? Akishindwa kujibu, tumshukuru, tumpe chai, aende.

Pili, laini ya simu. Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuanzia Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Maana yake laini ya mtu binafsi ina mwenyewe mmoja. Fedha ya kikundi ikikaa kwenye laini ya Mweka Hazina, kwa kampuni ya simu ile ni fedha ya Mweka Hazina. Akiugua, akifariki, sisi tutaanza kupiga magoti kwa ndugu zake. Tuweke fedha kwenye akaunti yenye jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja, au kwenye huduma za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi. Ile M-Koba, kwa mfano, ilianza mwaka 2019. Lakini kabla ya kujiunga na huduma yoyote tuhakikishe mtu mmoja hawezi kutoa fedha peke yake. Hizo ndizo kufuli zetu tatu, zimehamia kwenye simu.

Na kila mmoja wetu leo abonyeze *106#, aone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ukiona usiyoijua, usinyamaze, nenda kwa kampuni ya simu ukaifute. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke namba 15040. Namba ya siri haiombwi na mtu wa kampuni ya simu, wala wakala, wala mjukuu.

Tatu, siri za wenzetu. Hapa nitasema polepole. Kitabu chetu kina majina, namba za simu, madeni, na sababu za kuomba mfuko wa jamii. Mama anaomba fedha ya hospitali, anatueleza ugonjwa wake kwa sababu sisi ni dada zake. Kisha mtu anapiga picha ukurasa ule, anautuma kwenye kundi la WhatsApp. Yeye bado hajafika nyumbani, habari imeshafika sokoni Kasulu. Jamani, huo ni msaada gani? Wapo akina mama wanaokaa na ugonjwa ndani kwa kuogopa ukurasa wetu. Siku mtu atakapokufa kwa kuogopa kitabu chetu, tutasemaje?

Jambo hili siyo adabu tu, ni sheria. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na kulalamika kwa Tume zikitumiwa vibaya. Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya kuandika majina yetu na namba za vitambulisho, awe wa mradi, awe wa kampuni, tumwulize kwa heshima: ni za nini, zitakaa wapi, na nani atazisoma?

Nne, mikopo ya kwenye simu. Wengine mmeshachukua, msijifiche. Unabonyeza mara mbili, fedha hiyo. Lakini ile programu kabla ya kukupa inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Wewe unabonyeza "kubali". Ukichelewa siku mbili, meseji za matusi zinakwenda kwa mkweo, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto. Umeweka rehani majina ya watu ambao hawakukopa!

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kwa mtandao bila leseni. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023 ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni moja ya mikopo ya simu, Mulla Pride, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia meseji za vitisho. Mnaona? Haki ipo, ila inamfikia anayelalamika. Na mama mwenye shida ya haraka asione aibu kuja kwetu kwanza. Kama sanduku letu linamshinda mwanachama wetu mpaka akimbilie huko, tujiulize sisi wenyewe kwa nini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili yaingie kwenye katiba ya kikundi. La kwanza, daftari kuu lisiachwe kamwe, na neno la siri la hesabu zetu liandikwe kwenye karatasi, lifungwe kwenye bahasha, likae ndani ya sanduku chini ya kufuli tatu. La pili, ukurasa wa kitabu chetu usipigwe picha bila idhini ya kikao, na ukurasa wa mfuko wa jamii usipigwe kabisa.

La tatu siyo la katiba, ni ombi langu. Yule mama mwenzetu wa hisa 64, zile 23 ambazo hatukuweza kuzisoma, mimi napendekeza tumlipe kwa bei ya hisa ya mwaka ule. Na kama kikao hakitakubali, nitaanza kulipa mwenyewe kidogo kidogo kwenye mavuno ya maharage. Haba na haba hujaza kibaba. Nataka tutakapotimiza miaka kumi na moja awe amekaa pale kwenye safu ya mbele, pamoja na wale wa kwanza.