Entebbe 1976: Kuandika Tukio la Kijeshi Lenye Ubishi katika Kamusi Elezo

Mada ya semina, Pongwe, Tanga



Mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina ukitajwa, wengi wetu huona ni habari ya mbali. Mwaka 1976 ulitua Entebbe, Uganda, na nchi yetu ikaingia ndani yake. Ndiyo maana nimelichukua tukio hilo.

Yasiyo na ubishi ni machache. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athens. Watekaji walikuwa wawili wa kundi la Kipalestina la Wadie Haddad na Wajerumani wawili. Kesho yake ikatua Entebbe. Usiku wa kuamkia 4 Julai makomando wa Israeli walishambulia, wakaondoka na mateka, wakajaza mafuta Nairobi.

Ubishi wenyewe tuutazame kwa mtu mmoja, Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, raia wa Israeli na Uingereza. Alipaliwa na chakula, akapelekwa hospitali ya Mulago kabla ya shambulio. Serikali ya Idi Amin ilidai alikuwa amesharudishwa uwanjani, kwa hiyo aulizwe Mwisraeli. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza akasema alimwona hospitalini baada ya shambulio. Tarehe 28 Julai Uingereza ilivunja uhusiano na Uganda. Mwaka 1979, majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda walipokwisha kumng'oa Amin, mabaki ya bibi huyo yalipatikana.

Mwandishi wa mwaka 1977 alistahili kuandika kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe na tarehe yake. Wa leo hana ruhusa hiyo. Aandike kwamba aliuawa, kisha aeleze serikali ilidai nini wakati ule. Kuzipa kauli hizo uzito sawa leo ni kumdhulumu marehemu, hata kama tutajiita waadilifu.

Kwa askari wa Uganda kazi ni ngumu zaidi. Mateka watatu waliopoteza maisha katika shambulio wana majina vitabuni, na Yonatan Netanyahu, aliyeongoza makomando waliovamia jengo, ameandikiwa vitabu vizima. Waganda ni idadi tu, nayo haikubaliki: wengine hutaja kama 20, wengine 45. Tusichukue wastani. Tuseme nani alihesabu na lini. Wakenya waliokuwa Uganda nao waliuawa kwa kisasi, kwa sababu Nairobi ilitoa uwanja wake. Makala isiyowataja imekata habari katikati. Sisi wa Tanga tunaujua ugonjwa huu wa kutaja wakubwa na kuwasahau wengine. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanasimuliwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyeleta watu wake kutoka Moshi kwa reli hii inayopita Pongwe, na kwa jina la Aitken, jenerali wa Waingereza aliyeshindwa. Wapagazi waliokufa hawana hata mstari.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa mbali hulipita haraka. Julai ile Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, na balozi wetu Umoja wa Mataifa alikuwa Salim Ahmed Salim. Pamoja na Libya na Benin, tulipeleka rasimu ya kulaani Israeli kwa kuvunja mamlaka ya Uganda. Haikupigiwa kura. Ile ya Uingereza na Marekani, ya kulaani utekaji, ilipata kura 6, nayo haikupita. Nyerere hakuwahi kumtambua Amin kuwa rais halali, lakini mipaka ya Uganda aliiheshimu. Anayeandika kwamba Afrika ilisimama na Amin ameikosea Kenya, na ametukosea na sisi.

Kumbukumbu za vikao vile vya Baraza, kuanzia tarehe 9 hadi 14 Julai, zimehifadhiwa na Umoja wa Mataifa. Naomba kundi la mchana lianze nazo, kabla ya kufungua kitabu chochote cha makomando.