Damu Isomwe, Mfuko Nao Usomwe



Mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo hujaza tumboni lita mbili hivi za maji yenye glukosi, huyaacha saa kadhaa, kisha huyamwaga mfukoni na kuweka mengine. Wengi hufanya hivyo mara nne kwa siku. Tangu watafiti Popovich na Moncrief walipobuni utaratibu huu Texas mwaka 1976, utando unaofunika matumbo umebebeshwa kazi ya figo. Glukosi huuchokoza kila siku, na seli za kinga zinazokaa humo hujibu.

Kinga ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa ina sura mbili. Ni dhaifu, ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwake kwa dozi maradufu, na bado baadhi hawajengi kinga ya kutosha. Wakati huohuo haitulii: CRP, protini ya inflamesheni inayotengenezwa na ini, na interlukini-6 inayoliamuru ini kuitengeneza, mara nyingi hubaki juu katika damu hata pasipo maambukizi yanayoonekana. Albumini, protini ya damu, nayo hushuka. Gramu kadhaa za protini humwagwa na maji kila siku, na ini lililoshughulishwa na inflamesheni hupunguza kutengeneza albumini. Kwa hiyo napinga kwa nguvu zangu zote desturi ya kumgombeza mgonjwa kwamba hali vizuri, kila kipimo hicho kinapoteremka. Huenda anakula mayai na maharage kama alivyoelekezwa.

Je, inflamesheni hiyo hutoka kwenye utando au kwingine mwilini? Utafiti wa GLOBAL Fluid Study, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa wa Uingereza, Kanada na Korea Kusini, ukapima interlukini-6 katika damu na katika maji ya tumboni. Ile ya tumboni ilikwenda sambamba na kasi ya utando kupitisha taka, lakini haikutabiri kifo. Ile ya damu, pamoja na umri na maradhi mengine, ilitabiri.

Molekuli ni ileile, habari ni mbili. CRP ikipanda, tusikimbilie kuulaumu utando na kumhamishia mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Tutafute chanzo kwingine mwilini. Tumfungue kinywa tutazame fizi. Tumvue viatu, hasa mwenye kisukari, tutafute kidonda. Tupime moyo, na maji yaliyozidi mwilini. Haya hayahitaji maabara ya gharama, na kwa maoni yangu ndiyo yanayopuuzwa zaidi kliniki.

Kinyume chake, maji yakitoka na ukungu, jibu limo mfukoni. Seli nyeupe zikizidi 100 kwa mikrolita, na zaidi ya nusu yake zikiwa neutrofili, sampuli ipelekwe kuoteshwa na antibayotiki ianze saa hiyohiyo, bila kungoja CRP.