Akila na Prisila, Wageni Waliofungua Nyumba

Wachungaji, baba na mama, vijana, na bandugu wote mliovuka mipaka kuja kwenye sikukuu hii kutoka Goma, Uvira, Bujumbura na Kigoma, pamoja na ninyi wenyeji wetu wa Kampala, ninawasalimu. Nimepewa dakika chache na mada ndefu: familia ya Kikristo inapoishi nchi ya watu. Nitazungumza juu ya familia moja tu. Fungueni Matendo sura ya 18, mwache kidole hapo.

Tuanze na safari zao, maana hapo ndipo tunafanana nao. Akila alizaliwa Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, upande ambao leo ni Uturuki. Akahamia Rumi. Halafu Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi watoke. Wataalamu wengi wanaiweka amri hiyo mwaka 49. Amri ya namna hiyo haiulizi kama umeshalipa kodi ya nyumba. Wengine hapa mnaijua. Basi Akila na Prisila mkewe wakafika Korintho, mji wenye bandari mbili, Lekaio upande mmoja na Kenkrea upande mwingine, mizigo ya kila nchi inapita. Mnaoijua Busia au Malaba na malori yake mtaelewa ni mji wa namna gani. Pesa ipo, dhambi ipo, na kila mtu ametoka mahali.

Sasa angalieni Paulo anawakutaje. Anawakuta kazini. Walikuwa mafundi wa mahema, na yeye pia, basi akakaa kwao wakashona pamoja. Na Luka anasema walikuwa wamefika kutoka Italia siku hizo hizo! Watu waliofukuzwa, wageni kabisa, na tayari wana mgeni ndani ya nyumba. Wamama mnajua, kumlaza mgeni usiku mmoja ni jambo moja, kuishi naye na kufanya naye kazi ni jambo lingine.

Hapo ndipo neno langu la leo liko. Sisi tumezoea kusema: nitamtumikia Mungu nikisharudi nyumbani, ama nikishapanda ndege. Dosye iko HCR, tunangoja simu. Mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili. Simlaumu anayengoja. Kungoja si dhambi, na usalama wa watoto si mchezo. Lakini kuna mtu anangoja mpaka hajapanda hata lengalenga nyuma ya nyumba, hajui jina la jirani, hata kusema "gyebale ko" hajajifunza. Yeremia, sura ya 29, aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, walime bustani, wauombee amani mji ule ule walikopelekwa mateka. Akawaambia wazi kwamba ni miaka 70. Kulikuwa na manabii wengine waliowaambia mtarudi karibuni, msihangaike. Manabii wa namna hiyo hawajaisha, lakini hiyo tuiache.

Hapa Uganda tumefunguliwa mlango ambao wakimbizi wa nchi nyingi hawana. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Katwe na Nsambya cherehani zetu zinalia toka asubuhi. Mama mmoja wa ushirika huu, hapendi nimtaje, kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa anatenga siku nzima kurekebisha yunifomu za watoto wa mtaa bila malipo. Vifungo, zipu, kushusha pindo kwa mtoto aliyerefuka. Mganda, Mkongo, Msomali, wote. Hajashika kipaza sauti hata siku moja. Mtoto wake alipolazwa, waliolala naye hospitali kwa zamu walikuwa majirani Waganda, kabla sisi hatujapata habari.

Na kazi za mtaa je? Kwetu Kongo tulifanya salongo, Rwanda ni umuganda, wenyeji wetu hapa wanasema bulungi bwansi. Mwenyekiti wa LC akipita kuita watu wazibue mtaro, tunajibu: leo tuna maombi. Bandugu! Mtaro ukiziba, maji yanaingia kwa Mganda na kwa Mkongo. Chukueni majembe, maombi yaanze saa nane. Jirani akifiwa, peleka mabugo kama wanavyofanya wao, ukae kwenye mkeka. Kukaa kimya msibani hakuhitaji Luganda.

Nirudi kwa Prisila. Biblia inawataja hawa wawili mara sita, na hakuna hata mara moja wametenganishwa. Mara nyingi jina la mama ndilo linatangulia. Walipohamia Efeso wakamsikia Apolo, msomi wa Iskanderia, anahubiri kwa moto lakini anajua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao wakamweleza, wote wawili. Wababa mnaowanyamazisha wake zenu ndani ya nyumba, pasomeni hapo polepole.

Utumishi huo uliwagharimu. Katika Warumi 16 Paulo anasema walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, na makanisa ya Mataifa yanawashukuru. Wakati huo wako Rumi tena, maana Klaudio alishakufa mwaka 54, na kanisa linakutana nyumbani kwao kama lilivyokutana nyumbani kwao Efeso. Kurudi walirudi, na mlango ukabaki wazi. Lakini mwisho wa 2 Timotheo Paulo anamwomba Timotheo awasalimu, na Timotheo alikuwa akitumika Efeso. Inaelekea walifunga mizigo tena wakaenda ugenini, safari hii bila Kaisari kuwafukuza.

Kuna familia tatu hapa mmeshapewa tarehe ya kusafiri. Tunamshukuru Mungu pamoja nanyi, na tutalia pia uwanja wa ndege, mnatujua. Lakini kabla ya kupima mizigo, njoni mniambie mambo mawili. Nani anabaki na ufunguo wa chumba cha maombi? Na mama, wewe uliyekataa nikutaje, ile cherehani umemfundisha nani? Shule zinafunguliwa karibuni.