Mtoto Asibebeshwe Ugomvi wa Wazazi Wake





Ndoa inapoingia mashakani, tumezoea kuwasikiliza watu wawili, mume na mke. Wazee huitwa, washenga huitwa, wasimamizi wa ndoa huitwa. Mtoto hutumwa nje akacheze. Leo tungependa kumzungumzia huyo aliyetumwa nje, kwa maana mengi yasemwayo ndani huyasikia, na asiyoyasikia huyabuni mwenyewe, mara nyingi kwa namna ya kutisha kuliko ukweli.

Hatukuja kutetea talaka. Lakini wazazi wanapotengana, au mahakama inapovunja ndoa yao kwa sheria ya nchi, ubaba na umama wao hauvunjwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto inapoamua atakaa na nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa haki ya kuendelea kutunzwa na kusomeshwa, na ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Basi mwenye kusema, "Watoto ni wa ukoo wetu," akawafungia mlango, hamkomoi mwenzake tu. Humnyima mtoto haki yake.

Iko mizigo mitatu ambayo watu wazima humtwisha mtoto.

Wa kwanza ni ujumbe. "Kamwambie baba yako sare imechanika na madaftari yamekwisha." Jibu likiwa la matusi, mtoto ndiye atakayelitamka, naye ndiye atakayeuona uso wa mama ukibadilika.

Wa pili ni ushahidi. Akirudi kutoka kwa baba huulizwa: nani alipika, nani alilala pale? Akinyamaza ameitwa mkaidi. Akisema, moyo wake humshtaki kwamba amemsaliti baba. Hapo hujifunza uongo, si kwa utundu, bali kwa kutafuta amani.

Wa tatu ni hatia, nao ndio mzito kuliko yote. Mtoto mdogo aweza kudhani kwamba wazazi wameachana kwa sababu yake: alivunja sahani, au aliugua akamaliza fedha za nyumbani. Huenda asiseme. Tuangalie kama ameanza tena kukojoa kitandani, kama husinzia darasani, au kama ana hasira au ukimya usio wa kawaida. Aambiwe waziwazi, tena zaidi ya mara moja, na wazazi wote wawili ikiwezekana: "Si kosa lako. Sisi bado ni wazazi wako." Aelezwe atalala wapi, atasoma wapi, na lini atamwona yule mwingine. Na siku iliyoahidiwa itimizwe. Mtoto aliyevaa viatu akakaa kizingitini hadi giza kuingia hasahau upesi.

Sisi viongozi nasi tumekosa. Tumepata kumsimamisha mtoto mbele ya kikao na kumwuliza anampenda nani zaidi. Swali hilo halina jibu lisilojeruhi. Kusikilizwa ni haki ya mtoto. Kushurutishwa kuchagua ni dhuluma. Hayati Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka. Ombi hilo latuhusu pia sisi tunaowasuluhisha.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya zote zifanye mambo manne. Ujumbe kati ya wazazi wasiosemezana upitie kwa msimamizi wa ndoa au mzee wanayemwamini wote wawili, usipitie kwa mtoto. Awepo mtu mzima mmoja, shangazi, bibi au mwalimu, ambaye mtoto aweza kumlilia bila maneno yake kurudishwa upande wowote. Mtoto asinyimwe mafundisho ya dini wala kusimangwa kwa ajili ya mambo ya wazazi wake. Na pale matunzo yanapokataliwa, mlezi asindikizwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, asiachwe aende peke yake.

Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo nyasi. Kuwapatanisha fahari pengine kutatushinda. Kuziokoa nyasi kumo ndani ya uwezo wetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni watoto gani kati yetu ambao wazazi wao wametengana, na nani huwatembelea?
2. Je, tumewahi kumtumia mtoto kupata habari za nyumba ya pili?