Mlango wa Rabai



William Jones, Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto. Alipookolewa alisomeshwa Nasik, Bara Hindi, na mwaka 1864 akaja misheni ya Rabai, kule ng'ambo ya Mombasa. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimbariki kuwa shemasi.

Watumwa wa mashamba ya pwani yetu walitoroka, wakakimbilia Rabai. Mabwana wao waliwadai, na misheni ilikuwa imeonywa isiwapokee. Lakini Jones na Wakristo wenzake waliwapa mahali pa kukaa. Yeye aliyekuwa mtumwa angewarudishaje? Mwishowe mabwana walilipwa fidia, na Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400, wa Rabai na misheni za jirani, walikuwa huru.

Ndugu zangu, Kumbukumbu la Torati 23:15 yatukataza kumrudisha mtumwa aliyetukimbilia. Leo soko la watumwa halipo. Lakini msichana wa kazi, aliyepigwa na kunyimwa mshahara, akibisha kwako usiku, utamwambia, “Rudi kwa tajiri wako”? Sisi nasi tulikuwa watumwa wa dhambi, na Kristo hakuturudisha.

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kufungua mlango. Amina.